SOMO LA USALAMA KAZINI: Tochi Ndogo ya Mfukoni, Jinsi ya Kuichagua na Kuitumia



Somo letu la leo linahusu chombo kidogo ambacho wengi wetu tunacho mfukoni, yaani tochi ndogo yenye umbo la kalamu. Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Tochi nayo ina somo gani? Si unabonyeza tu, inawaka?" Ni kweli, inawaka. Lakini vidole hukatika, dawa za sumu huchanganywa vibaya, na kilo za chai hupotea kwenye mizani kwa sababu mtu hakuona vizuri. Tena wako walioumia huku wakiwa na tochi nzuri mkononi, kwa kuwa waliitegemea kwa jambo ambalo tochi haiwezi.

Kwa hiyo tulishike neno hili tangu mwanzo: tochi ni ya kuangalia tu. Haisimamishi mtambo, wala haichukui nafasi ya taa ambazo mwajiri anapaswa kuziweka. Someni somo hili katika kikundi, kifungu kwa kifungu, na mwishoni mjibu maswali pamoja.

1. KAZI ZA TOCHI NDOGO

Tochi ndogo ni ya vitu vilivyo karibu, kuanzia urefu wa mkono hadi hatua chache mbele. Fundi mitambo huitumia kutazama kiwango cha mafuta nyuma ya pampu au ufa katika chuma. Fundi umeme huitumia kusoma namba ndani ya kisanduku cha fyuzi. Mwenye kunyunyiza dawa shambani husoma maandishi madogo ya kwenye chupa. Mchuma chai huitumia kusoma mizani jua likishazama. Mlinzi wa usiku, au mtu anayetembea njia ndefu gizani, anahitaji tochi kubwa zaidi. Asipewe hii ya kalamu kisha akaambiwa amepata kifaa cha kazi.

2. JINSI YA KUICHAGUA

(a) Nguvu ya mwanga. Kwenye paketi huandikwa lumeni. Hicho ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika tochi. Watu wengi hukimbilia namba kubwa, lakini kwa kazi ya karibu namba kubwa si lazima. Lumeni 20 hadi 50 zinatosha kusoma lebo, na lumeni 100 hivi zinatosha kuchungulia ndani ya mtambo. Mwanga mkali mno ukipiga chuma king'aavyo au karatasi nyeupe hukurudia machoni, na ukigeuka huoni ngazi iliyo mbele yako. Iliyo bora ni tochi yenye ngazi mbili za mwanga, mdogo na mkubwa. Kumbukeni pia kwamba ukienda mbali mara mbili, mwanga unaofika kwenye kitu hubaki robo tu. Mara nyingi dawa ya giza ni kusogeza tochi karibu, maadamu mahali hapo ni salama.

(b) Saa za kuwaka. Paketi ikisema tochi huwaka saa nyingi, msidhani huwaka kwa nguvu ile ile muda wote. Kanuni ya Marekani inayofuatwa na watengenezaji wengi tangu mwaka 2009, iitwayo ANSI FL1, huhesabu saa hizo mpaka mwanga ushuke na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake saa za mwisho ni za mwanga hafifu. Kama paketi inaandika saa 10 na kazi yako ni nusu saa kila zamu, hesabu zamu 20 kwa juu kabisa, kisha uweke betri za akiba kabla ya hapo.

(c) Rangi ya mwanga. Tochi za siku hizi hutumia taa za LED badala ya globu ya waya. LED ni imara, haikatiki waya ikianguka, na hula betri kidogo. Lakini zile za bei ya chini sana mara nyingi hutoa mwanga wa samawati unaoharibu rangi. Fundi umeme anayehitaji kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia asikubali tochi kama hiyo. Chukua dukani vipande vya waya au nguo za rangi mbalimbali, uvitazame kwanza nje kwa jua, kisha kwa tochi pahali penye giza. Kama rangi mbili zinafanana kwa tochi lakini hazifanani kwa jua, iache.

(d) Kupepesa. Tochi nyingine, hasa zikiwekwa kwenye mwanga mdogo, huwaka na kuzimika upesi mno hata jicho lisitambue. Jaribu hivi: washa tochi, kisha pitisha kalamu mbele ya mwanga haraka haraka, kulia na kushoto. Ukiona ukungu mmoja, ni sawa. Ukiona kalamu nyingi zilizoachana, tochi hiyo inapepesa. Hatari yake tutaieleza katika kifungu cha 3.

(e) Betri. Chagua tochi inayotumia betri unazoweza kuzipata katika duka la karibu na kambi. Tochi za kalamu nyingi hutumia betri mbili nyembamba za saizi ya AAA, kila moja volti 1.5. Tochi za kuchaji kwa waya wa simu ni nzuri pale penye umeme wa uhakika, lakini uliza kama betri yake hutolewa. Kama imegandishwa ndani, siku betri itakapokufa tochi nzima itatupwa.

(f) Mwili wa tochi. Tafuta herufi IP na namba mbili. Namba ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP65 haiingii vumbi, na hustahimili maji yanayorushwa kwa bomba. IPX4 hustahimili matone ya kurukia, lakini haijapimwa kwa vumbi. Kwenye kiwanda cha chai, cha sukari au cha unga, namba ya vumbi ina maana kuliko ya maji. Fungua kifuniko utazame kama pana mpira wa mviringo wa kuzuia maji, na kama hesi zake zinazunguka vizuri.

(g) Swichi na kishikizo. Jaribu kuiwasha ukiwa umevaa glavu unazofanyia kazi. Hakikisha haiwaki yenyewe mfukoni. Kishikizo chake kishike ukingo wa kofia au mfuko sawasawa, isichomoke unapoinama. Tochi yenye sumaku mkiani ni bora zaidi kwa fundi, kwa kuwa huibandika kwenye chuma na kubaki na mikono yote miwili.

3. KUITUMIA KIWANDANI

Kanuni ya kwanza: mtambo usimame kabla hujaingiza mkono au kichwa. Kuusimamisha maana yake ni kuzima, kufunga swichi kuu kwa kufuli, kuweka funguo mfukoni mwako mwenyewe, kutundika kibao chenye jina lako, kisha kujaribu kuwasha ili uhakikishe hauwaki. Ngoja mpaka kila kinachozunguka kitulie. Kilichoinuliwa kiteremshwe au kiegemezwe, na mvuke utolewe. Baada ya hayo ndipo utoe tochi. Nyapara akikwambia, "Chungulia tu kidogo kwa tochi, tusisimamishe kazi," jua kwamba anataka kuokoa dakika kwa kuhatarisha mkono wako. Mkono hauna stoo ya kuagizia mwingine.

Kanuni ya pili: usiamini jicho kwamba gurudumu limesimama. Hapa ndipo kupepesa kunapoua. Umeme wa kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ndefu za mirija za aina ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Chukueni gurudumu lenye mikono minne linalozunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde. Kati ya mwako mmoja na mwingine linazunguka robo moja kamili, na mkono mmoja unakaa mahali ulipokuwa mwenzake. Machoni linaonekana limesimama. Likienda pungufu kidogo ya hapo, linaonekana linajongea polepole. Tochi inayopepesa yaweza kukudanganya vivyo hivyo. Shahidi wa kwamba mtambo umesimama ni kufuli, si macho.

Kanuni ya tatu: usishike tochi kwa meno. Ni desturi ya mafundi wengi, lakini ni desturi mbaya. Uchafu wote wa mikono, yaani grisi, dawa na vumbi la risasi, unaingia kinywani. Ukiteleza, tochi hukuumiza meno au koo. Tena huwezi kupiga kelele kumwonya mwenzako. Tumia kofia, sumaku au mwenzako wa kukumulikia.

Kanuni ya nne: usivae tochi kwa kamba shingoni karibu na kitu kinachozunguka. Ukanda au gia ikiikamata kamba hiyo, inavuta na shingo. Kama unaogopa itaanguka ndani ya sukari au majani ya chai, tumia kamba fupi iliyofungwa kwenye mkono wa nguo, iliyo dhaifu kiasi cha kukatika upesi.

Kanuni ya tano: mahali penye vumbi au mvuke wa kulipuka, tochi ya kawaida ni marufuku. Vumbi la sukari, la unga na la mbao, pamoja na mvuke wa spiriti au petroli, vikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani hulipuka kwa cheche ndogo. Tarehe 7 Februari 2008, katika kiwanda cha sukari huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, vumbi la sukari lililipuka na kuua wafanyakazi 14. Haikuwa tochi iliyowasha moto ule, lakini tujifunze kwamba sukari ile ile ya kwenye chai huweza kubomoa kiwanda. Sehemu kama hizo zinataka tochi maalumu yenye alama ya Ex, inayolingana na hatari ya mahali hapo. Hata hiyo usiifungue kubadilisha betri ukiwa ndani. Toka nje kwanza.

Pana ufundi mmoja mdogo wa kuona vizuri. Ukitafuta ufa katika chuma au mkwaruzo katika ukanda, usimulike kutoka mbele. Laza tochi pembeni, mwanga utambae juu ya chuma. Ufa hutoa kivuli, na hata ulio mwembamba utauona.

4. KUITUMIA SHAMBANI

Hapa Uganda tuko kwenye Ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Mchuma chai wa Fort Portal au Bushenyi, na mkata miwa wa Masindi au Jinja, wanaweza kutoka nyumbani na kurudi gizani.

Mizani. Anayelipwa kwa kilo hulipwa kwa kile kilichosomwa na kuandikwa. Jioni yenye giza, mshale wa mizani ni rahisi kusomwa kwa hasara yako, hata kama karani hana nia mbaya. Mulika mizani ikiwa tupu kwanza, uone mshale uko kwenye sifuri. Halafu kikapu kitundikwe. Simama mbele ya uso wa mizani sawasawa, maana ukitazama kwa pembeni mshale huonekana umehama namba. Soma kwa sauti, karani aandike, nawe uandike katika daftari lako. Fanyeni hivyo kwa kila mtu, kwa adabu na bila kelele. Karani mwaminifu hataudhika, naye pia atafurahi kuona.

Dawa. Chupa nyingi za dawa za mimea zina mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali sana, manjano ni ya hatari ya kati, samawati ni ndogo zaidi, na kijani ni ndogo kuliko zote. Hata hivyo hakuna ya kuchezea. Stoo za dawa mara nyingi hazina dirisha, na mtu huchukua chupa kwa mazoea ya mkono. Mulika, soma jina na kipimo, ndipo umimine. Ukishashika dawa, usiiguse tochi mpaka umenawa, na kama umeigusa, ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kabla ya kuirudisha mfukoni. Usisahau kwamba tochi hiyo hiyo jioni mtoto ataichezea nyumbani.

Njiani. Mulika ardhi hatua mbili tatu mbele yako, si usoni mwa mwenzako, kwa kuwa aliyemulikwa macho haoni kwa muda. Tochi haikulindi na nyoka kama hukuvaa viatu vya buti. Penye barabara ya malori, tembea ukiitazama gari inayokuja, na mwanga wako uwe chini ili dereva akuone bila kupofuka.

5. KUITUNZA

Betri za zamani na mpya zisichanganywe, wala za aina mbili tofauti. Iliyo dhaifu huvuja, na maji yake hula shaba ya ndani ya tochi. Kama tochi haitatumika kwa wiki kadhaa, toa betri. Ukikuta unga mweupe ndani, usiushike kwa mikono mitupu. Usichaji betri zisizo za kuchaji, na betri ya aina yoyote usiitupe motoni.

Jihadharini na hili hasa: ziko betri za lithiamu zenye umbo sawa na AAA lakini nguvu yake ni volti 3.7. Zikiwekwa katika tochi ya betri za volti 1.5 zinaweza kuiunguza, na betri yenyewe kuwaka moto. Soma namba, usiangalie umbo tu.

6. NANI ALIPE?

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo chama lazima kiliseme. Katika sehemu nyingi mfanyakazi hununua tochi na betri kwa mshahara wake, kisha hufanya kazi ya mwajiri kwa mwanga huo. Kila mmoja afanye hesabu yake: bei ya betri mbili, mara ngapi kwa mwezi, mara miezi 12. Kisha mjumlishe za idara nzima. Mtashangaa ni kiasi gani mnachangia kampuni.

Historia ina funzo. Mwaka 1812 mlipuko katika mgodi wa makaa wa Felling, Uingereza, uliua watu 92, wanaume na watoto. Mwaka 1815 Humphry Davy akatengeneza taa ya usalama kwa wachimbaji. Taa ilikuwa nzuri, lakini baadhi ya wenye migodi waliifanya sababu ya kuwapeleka watu katika mashimo yaliyokuwa yameachwa kwa hatari yake, na vifo viliendelea. Chombo cha kumlinda mfanyakazi kiligeuzwa kibali cha kumtia hatarini. Vivyo hivyo leo, msikubali tochi mfukoni iwe sababu ya kutotengeneza taa zilizokufa darini.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mwanga wa kutosha mahali pa kazi. Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kifungu cha 13 kinataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa penye hatari kubwa ya karibu, akiwa na sababu ya maana ya kuamini hivyo. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umehesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi ya ILO, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, kila idara iandike orodha ya taa zisizowaka: mahali, idadi, na tarehe zilipokufa. Pili, andikeni kazi zinazohitaji tochi, na tochi ya aina gani. Tatu, mwakilishi wenu azipeleke orodha hizo kwenye kamati ya usalama na kudai mambo mawili pamoja: taa zitengenezwe, na tochi na betri zitolewe stoo kama vifaa vingine vya kazi. Akichukua la pili na kuacha la kwanza, mmeshindwa nusu. Nne, wekeni nakala ya barua na tarehe ya majibu. Mwajiri akinyamaza, nakala hizo ndizo chama kitakazompelekea mkaguzi wa usalama na afya kazini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika idara yenu, ni kazi gani hufanywa kwa tochi ambazo zingepaswa kufanywa kwa taa?
2. Nani mwenye kufuli la swichi kuu kwenye mtambo wenu? Kama hakuna kufuli, mtalidai kwa nani?
3. Jaribuni tochi zote za kikundi kwa kalamu. Ngapi zinapepesa?
4. Je, kuna sehemu ya kazi yenu yenye vumbi au mvuke wa kulipuka? Tochi gani hutumika humo leo?
5. Piga hesabu ya fedha mlizotumia kununua betri mwaka uliopita. Mwakilishi aiandike na kuileta katika mkutano wa tawi.

Ndugu zangu, mwanga wa mmoja humulika hatua mbili tatu tu. Orodha ya taa mbovu yenye sahihi za idara nzima itafika mpaka mezani kwa meneja. Anzeni kuiandika zamu hii.